Nyumbu wa Mjomba Berardo na Hali Zake Sita

L'Aquila, 4 Novemba 1954

Kwa Mjomba Berardo,

Asifiwe Yesu Kristo, nawe itikia huko huko uliko. Mimi mzima isipokuwa vidole, vimeungua pasi tena. Wewe nakuuliza magoti, kifua na nyumbu, anza na unachokipenda. Mwambie mama soksi zimefika na zinanienea. Mwambie pia aache kulia kila akipita mbele ya kitanda changu, maana majirani wananiandikia yote. Zafarani mwaka huu ilikuwaje? Mimi huku nanuka sabuni na wanga, lakini nikifumba macho bado naisikia harufu yake kwenye kucha.

Sasa neno lililonileta. Mjomba, nimejiandikisha mtihani wa kumaliza shule ya kati, Juni ijayo, kama mtahiniwa wa kujitegemea. Ndiyo, mimi huyu mfua nguo. Mchana napiga pasi mashati ya wavulana wa bweni, jioni nasoma vitabu walivyochoka navyo. Hesabu naziweza, historia naimeza, jiografia ni majina tu. Kilatini ndicho kinachonitoa jasho. Na bila Kilatini hakuna cheti, bila cheti chuo cha ualimu hakinipokei, na bila mimi ninyi huko Collefreddo mtaendelea kuletewa walimu wa bondeni wanaokimbia theluji ya kwanza ikidondoka.

Baba amekubali kwa sharti. Ameandika kutoka Ubelgiji mistari minne, unamjua alivyo: mwaka mmoja. Nikifaulu, nisome. Nikishindwa, Oktoba nipande treni niende kumpikia yeye na kaka zangu wawili, maana wakitoka mgodini hawana hata wa kuwachemshia maji. Siwalaumu. Lakini Mjomba, sitaki kwenda.

Wewe ni sakristani wa altare na kengele mwaka wa arobaini sasa, na kijiji kizima kinakuita Mlatini. Ulikuwa ukinibeba mabegani huku unanong'ona Kilatini kama mtu anayehesabu kuku. Nifundishe kwa barua. Naanza na swali moja. Kitabu kinasema kila jina lina hali sita. Hali gani hizo, na jina linaumwa nini hata libadilike mara sita?

Mpwa wako mtiifu (acha kucheka),
Ersilia


Collefreddo, 12 Desemba 1954

Mpwa wangu Ersilia,

Milele amina. Barua yako niliipata mapema. Jibu limecheleweshwa na posta, theluji na mafua, chagua moja. Mama yako hajambo, sasa analia kwa zamu, asubuhi kwa ajili yako na jioni kwa ajili ya baba yako. Zafarani tulipata robo kilo na ushee, na mgongo wangu umekwenda nayo. Nyumbu Morina amemuuma padre begani bila sababu, au sababu anayo mwenyewe. Mwalimu Palmira, yule mstaafu mwenye nyumba upande wa juu wa kisima, anakusalimu. Nilikuwa nampasulia kuni tu, habari zako zikaingia.

Haya, Kilatini. Kukusaidia nitakusaidia, kwa nini nisiweze? Ila mambo haya ukiishi nayo miaka arobaini unasahau unavyoyajua, ikabidi nikae kwanza nitafakari.

Chukua nyumbu. Kwa Kilatini anaitwa mula. Nyumbu ni yule yule, lakini hali yake inategemea kumetokea nini. Nyumbu amemuuma padre: hapo ndiye mtenda, anasimama kifua mbele, mula. Meno ya nyumbu yamebaki kwenye kanzu: hapo ndiye mwenye mali. Tumempa nyumbu adhabu: hapo anapokea. Padre amempiga nyumbu teke: hapo anatendwa, na jina linaota mkia, mulam. "We nyumbu!": hapo anaitwa. Na padre amekataa kushuka bondeni kwa nyumbu, amekwenda kwa miguu: hapo nyumbu ni chombo cha safari. Hali sita, nyumbu mmoja, na yote yametokea Jumanne.

Usikariri kama kasuku. Kila jina liulize swali. Nani? Wa nani? Kwa faida ya nani? Katendwa nani? Anaitwa nani? Kwa kitu gani? Litakapoitika, ndipo ulipolishika.

Mjomba wako,
Berardo

Karatasi hii nimepewa na mwalimu Palmira. Kwetu ilikuwa imekwisha.


L'Aquila, 21 Desemba 1954

Mjomba wangu,

Noeli njema kwako, kwa mama, na kwa bega la padre. Barua ya nyumbu nimewasomea wenzangu kwenye chumba cha pasi. Sasa hakuna kazi inayofanyika. Mtu akiletewa kapu la nguo anasema, "Mimi leo niko hali ya tatu, napokea tu." Mkubwa wetu, sista mmoja mwenye miguu isiyosikika, ametufumania akauliza tunacheka nini, na Assuntina akajibu, "Sarufi, sista." Hakuamini.

Nami nimeunguza kola ya mtoto wa hakimu. Pasi ilikuwa juu ya kola, mimi nikawa kwenye mulam. Kola imebaki na alama ya pasi kama unyayo. Nitakatwa mshahara, lakini mulam sitaisahau hadi kufa.

Nina maswali matatu. La kwanza: kitabu kinanionyesha mulae kwenye "wa nyumbu" na mulae hiyo hiyo kwenye "kwa faida ya nyumbu". Sura moja, kazi mbili. Nitazitofautishaje? La pili: Warumi waliulizaje maswali? Naona vijineno vitatu na sijui nichukue kipi. La tatu si la mtihani, ni langu. Yale maneno unayomjibu padre misa ikianza, mkiwa bado chini ya ngazi za altare, yana maana gani? Nimeyasikia tangu nikiwa tumboni na sijawahi kuyajua.

Wako,
Ersilia


Collefreddo, 8 Februari 1955

Ersilia,

Hatujambo, ila tumefukiwa. Basi la posta halijapanda wiki tano. Juzi mama yako amefungua mlango akakuta ukuta mweupe, akaufunga, akaendelea kusuka. Morina anakula na kulala, anazeeka vizuri kuliko mimi. Kuni za mwalimu Palmira karibu zinaisha, itabidi niongeze.

Swali la kwanza. Mulae na mulae zimevaa koti moja. Ukikutana na mtu barabarani amejifunika gubigubi kwa baridi, humtambui kwa koti, unatazama anatembea na nani na amebeba nini. Ikiwa kando yake kuna kitu chake, meno, shayiri, kengele ya shingoni, huyo ni mwenye mali. Ikiwa pembeni kuna mtu anatoa, anapeleka, anaonyesha, huyo anapokea. Usiulize neno likiwa peke yake, litakudanganya. Mwalimu husema hivyo kila mara, yaani watu husema.

Swali la pili. Warumi walikuwa na adabu, kila swali lilitangaza linatafuta nini. Kuna swali la mtu anayetaka aambiwe ndiyo. Mama yako hana jingine: "Huoni sakafu ilivyong'aa?" Kuna la mtu anayetaka aambiwe hapana, hilo ni la padre: "Siyo kwamba umeionja divai ya misa, Berardo?" Na kuna la mtu asiyejua kabisa, anauliza ili ajue. Nimeyapima yote matatu baridi hii, na naona hilo la mwisho ndilo gumu, maana kabla hujafungua mdomo lazima ukubali kwamba hujui. Palmira anasema wanaume wa kijiji hiki hawajalitumia tangu vita vya kwanza.

Swali lako la tatu limelowa theluji njiani, wino umesambaa, sikuweza kulisoma.

Berardo


L'Aquila, 17 Aprili 1955

Mjomba wangu mwenye macho mabovu,

Pasaka imepita salama, nilipata yai moja na usingizi wa saa kumi. Natumaini na wewe ulikula mwanakondoo kwa niaba yangu. Nimeisoma barua yako mara nyingi hata imechanika kwenye mkunjo. Nimehesabu pia. Ndani yake Palmira yumo mara tatu, mama mara mbili, nyumbu sitaji maana alikuwa kazini. Sisemi kitu. Nahesabu tu.

Na swali la tatu halikulowa. Nalirudia, kwa wino mzito: unamjibu padre nini?

Sasa nikueleze yaliyo moyoni. Baba ameandika tena. Amepata kitanda cha chuma kwa jirani anayehama, amekinunua, amekiweka jikoni. Anasema ni kizuri, kina springi. Kitanda hicho ni changu, Mjomba, kinaningoja Oktoba. Na wiki iliyopita mwalimu mmoja wa bweni alikubali kunipima kwa hisani. Nilipata nne kwa kumi, na kufaulu ni sita. Alinirudishia karatasi kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza.

Kwenye barua zako kila kitu kinaeleweka. Nikifungua kitabu, majina yote yanavaa koti moja na mimi nimesimama barabarani.

Mtihani unaanza tarehe ishirini Juni. Njoo, Mjomba. Simama nje tu, nikitokeza dirishani nione kofia yako.

Ersilia


Collefreddo, 29 Mei 1955

Mpwa wangu,

Sote wazima. Jibini hii imetoka kwa mama yako, soseji kwangu, na penseli mbili zilizochongwa ni za mwalimu Palmira, aliyesema uzitumie zote mbili kwa sababu moja huvunjika daima.

Kuja siwezi. Wiki hiyo hiyo padre ananituma Sulmona kupeleka kalisi ya misa ikapakwe dhahabu upya, na kalisi haisafiri yenyewe. Usininunie.

Nne si sifuri. Ni sita iliyokosa viatu. Na kitanda ni kitanda, wapo ndugu zako wawili, mmoja atakilalia.

Ukikwama, acha kukitazama kitabu, mtazame Morina. Muulize: leo uko hali gani, mama?

Berardo


L'Aquila, 6 Julai 1955

Mjomba wangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta na afya njema, pamoja na mama na wote nyumbani. Mimi pia ni mzima wa afya.

Mtihani umekwisha na mambo yamekwenda vizuri. Kwa baba nitaandika mwenyewe, tafadhali usijisumbue. Mwambie mama asilie. Nyumbani majira haya ya joto sitafika, nguo ni nyingi mno.

Kichekesho kimoja nikupe. Wasichana wa chumba cha A hadi M walisema kati yao alikaa mzee mwenye suti ya mazishi, aliyeweka kofia chini ya kiti na kuanza kwa ishara ya msalaba. Ati katikati ya mtihani alimsimamisha msimamizi kwa sababu ya kengele ya shule. Nadhani alikuwa babu wa mtu, aliingia kwa makosa. Sikumwona, sisi wa N hadi Z tulikuwa ghorofani.

Ahsante kwa yote uliyonifundisha.

Ersilia


Collefreddo, 9 Julai 1955

Ersilia,

Barua yako imepanda na basi la asubuhi, na hii inashuka na basi hilo hilo. Ujue basi kwamba posta haijawahi kuwa na kosa.

Barua isiyo na utani hata mmoja juu ya magoti yangu ni barua ya mtu anayeficha kitu. Na sikuhitaji kubahatisha. Jumamosi iliyopita, saa nne asubuhi, nilisimama mbele ya ubao ule ule wa matokeo uliosimama wewe mbele yake. Nilikuona ukikata kona, leso usoni, na nikakuacha uende, kwa sababu nilikuwa na aibu yangu ya kutazama. Venditti Ersilia: Kiitaliano saba, hesabu nane, historia nane, jiografia saba. Kilatini nne, arudie mtihani Septemba.

Lakini ulilisoma jina lako ukakimbia. Ungepandisha macho hadi herufi ya C ungemkuta Colaprete Berardo, mzaliwa wa 1892. Hesabu tatu. Kiitaliano nne. Historia tatu. Jiografia mbili, kwa sababu waliniuliza Ubelgiji iko wapi nikasema si mbali, watu wetu wote wako huko. Kilatini saba. Ameshindwa.

Mzee wa suti ya mazishi ni mimi. Na sikufanya fujo. Niliuliza tu ni nani anayepiga kengele ya mapumziko, maana anaipiga kama anaua nyoka.

Sasa nakwambia na lile jingine. Sikijui Kilatini, mwanangu. Sikukijua. Miaka arobaini nimejibu misa kama kisima kinavyorudisha sauti ya aliyepiga kelele. Watu waliniita Mlatini na mimi niliona raha, nikanyamaza. Ulipoandika Novemba nilikaa na barua yako wiki tatu mfukoni. Kisha nikachukua shoka, nikaenda kwa Palmira, nikamwambia nitampasulia kuni baridi yote. Akaniuliza unataka nini. Nikasema, hali sita. Hakucheka. Alicheka Januari.

Kila nilichokuandikia nilikuwa nimejifunza Jumatatu. Nyumbu tu ndiye aliyekuwa wangu. Na mtihani niliufanya kwa sababu nilikudanganya, nikaona njia pekee ya kuufuta uongo ni kuugeuza kuwa kweli, hata kwa kuchelewa. Kalisi haijaenda kokote. Iko kabatini, inahitaji dhahabu kweli.

Swali lako la tatu nililisoma siku ile ile. Sikulijibu kwa sababu sikulijua jibu, na Palmira aliponifasiria mwezi wa tatu sikuweza kuliandika. Kumbe kila alfajiri, magoti yakilia, baridi ikiuma, mimi namwambia Mungu kwamba Yeye ndiye anayeufurahisha ujana wangu. Kila alfajiri, Ersilia, miaka arobaini. Nilikaa chini juu ya kuni. Mwaka huu, mzee wa miaka sitini na tatu mwenye daftari, naona nimesema kweli.

Panda basi la Jumatano. Sista mwambie mjomba wako anaumwa, nami nitakohoa ili usitende dhambi. Julai na Agosti tutakaa watatu mezani kwa Palmira. Mama yako simwambii. Baba yako mwandikie kwamba matokeo ya Kilatini yanatoka Septemba, hilo nalo ni kweli tupu.

Wewe umefaulu yote isipokuwa Kilatini, mimi nimefeli yote isipokuwa Kilatini. Tukishonwa pamoja tunatoa mtu mmoja mwenye cheti.

Mjomba wako mwongo,
Berardo


L'Aquila, 11 Julai 1955

Mjomba,

Nakuja Jumatano. Nimecheka na kulia hadi nimeunguza shati la pili, mgongoni, halifichiki.

Nilidanganya kwa sababu niliona mwalimu wangu alinifundisha vizuri na mimi nikamwangusha. Kumbe mwalimu wangu ana mbili ya jiografia. Andaa daftari la pili, nitakuonyesha Ubelgiji ilipo.

E.


L'Aquila, 26 Septemba 1955

Kwa Mjomba Berardo, mwenye kofia,

Asifiwe Yesu Kristo, na waambie wote waitikie kwa sauti.

Ubaoni wameandika: Venditti Ersilia, Kilatini saba. Saba, Mjomba, kama yako, hata robo haikuzidi. Walinipa habari ya mkulima, punda wake na mwanawe, nikamweka Morina mahali pa punda na kila jina likaitika. Kwenye ile mulae iliyovaa koti nilitazama inatembea na nani. Ilikuwa na shayiri.

Baba amejibu telegramu yangu kwa barua ya mistari sita, mirefu kwake. Anasema basi, nisome. Kitanda amemuuzia kijana mmoja wa kutoka kijiji cha pili, anakoroma. Chini kabisa ameandika kwamba alikwenda kazini akawaambia wenzake binti yake anakuwa mwalimu, kisha akakata mstari, kisha akaandika tena.

Chuo kinafungua tarehe kumi. Sista amekubali nifanye kazi jioni, mbali na kola.

Nina swali moja la mwisho, na nauliza kwa namna ya yule anayetaka aambiwe ndiyo, kwa sababu miezi miwili nimekaa meza moja nanyi na macho ninayo. Je, si kweli kwamba unamwoa mwalimu Palmira?

Ersilia


Collefreddo, 28 Septemba 1955

Ersilia wangu,

Milele amina, tumeitikia.

Basi limeleta barua yako saa tano. Nilifika kwenye saba, nikaiweka mfukoni, nikapanda mnara nikaanza kupiga kengele za sherehe, Jumatano hii ya kazi. Kengele za sherehe ni mbili na kamba ni mbili, mtu mmoja hazimudu, na mimi nilishaipiga moja kabla sijakumbuka. Nikasikia viatu kwenye ngazi. Palmira, na aproni yake, na unga hadi viwikoni. Alishika kamba ya pili.

Watu walitoka na ndoo wakidhani ni moto. Wengine walipiga magoti wakidhani Baba Mtakatifu amefariki. Padre akaja mbio na leso ya chakula shingoni akaniuliza, kwa swali lile lake, "Siyo kwamba umelewa, Berardo?" Nikamwambia hapana, tumefaulu mtihani. Akauliza nani na nani. Nikamwambia mimi na mpwa wangu, kati yetu wawili. Mama yako analia sasa hivi mbele ya nyumba, na majirani wamemletea kiti. Morina amekula ukingo wa barua yako, lakini saba nimeiokoa.

Kuhusu swali lako. Utakumbuka siku ile tulipouliza Warumi walisemaje ndiyo, Palmira akatuambia hawakuwa na neno rahisi kama letu, walirudia tu kitendo walichoulizwa. Basi nami nakujibu Kirumi: namwoa. Ni Jumamosi ya kwanza baada ya zafarani kumalizika.

Maua yatafunguka katikati ya Oktoba. Omba ruhusa chuoni siku tatu na uje uvune nasi. Lete vidole vyote, hata vilivyoungua.

Berardo